Mji wa Japani unaanzia kituoni: niliyowaambia wanaokwenda kusoma Osaka na Kobe

Wadogo zangu, asanteni kwa kuja. Nimeambiwa wengi wenu mnaelekea Osaka na Kobe, kwahiyo ya Tokyo nitayaacha, yanasemwa sana tayari, na mimi maisha yangu ya Japani yote yalikuwa Osaka.

Kitu kimoja nataka mkishike leo. Mji wa kule usiusome kwa barabara, usome kwa vituo vya treni. Barabara nyingi hata jina hazina, anwani zinakwenda kwa namba za mtaa na vitalu, lakini kituo kila mtu anakijua. Tangazo la nyumba ya kupanga linakuandikia kituo gani na dakika ngapi kwa mguu, na hizo dakika zina hesabu yake, mita 80 ni dakika moja, kwahiyo ukiona dakika 10 jua ni mita 800, ila kama kuna mlima hesabu haiujui. Marafiki mnakutana kituoni, maduka yako kituoni, na usiku treni ya mwisho ikipita mida ya saa sita hivi, imepita, mpaka alfajiri.

Na hii haikutokea hivihivi jamani, naomba mnisikilize hapa manake ndo panapofurahisha. Mwaka 1910 kampuni ambayo leo tunaiita Hankyu ilifungua reli toka Umeda, pale katikati ya Osaka, mpaka mji wa Takarazuka, na njia nzima ilikuwa mashamba na vijiji, sasa abiria watoke wapi? Kobayashi Ichizo, ndo aliyekuwa anaiongoza, akanunua ardhi pembeni ya reli, akajenga nyumba pale Ikeda, akawauzia watu wenye mishahara ya kawaida kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Kule mwisho wa reli wakaweka maji moto ya kuoga, halafu kundi la maonyesho la wanawake peke yao ambalo mpaka leo tiketi zake ni za kugombania. Huku Umeda, mwaka 1929, likafunguliwa duka kubwa la ghorofa palepale kituoni. Yaani asubuhi treni inajaa wafanyakazi, mchana wanunuzi, wikiendi familia. Kampuni nyingine za reli zikaifuata njia hiyohiyo, na ndo miji mnayokwenda kuishi.

Hata leo inaendelea. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama shahada, na hilo peke yake linanifurahisha kila nikilitaja, msishangae mwanafunzi wa Kijapani akiwapa shikamoo. Kampasi yao ya lugha ilihamia Minoh mwaka 2021, na mwaka 2024 reli ikarefushwa mpaka pale, na kituo kikapewa jina lenye chuo ndani yake.

Sasa nyumba. Sitawaficha, inauma. Dalali anapiga simu kwa mwenye nyumba mbele yako, anauliza kama mgeni anakubalika, na jibu unalisoma usoni kwake kabla hajakata simu. Mimi limenikuta na sijawahi kulizoea. Tena kuna pesa za kuanzia, kuna amana ambayo inarudi wakishakata matengenezo, na kuna reikin, hiyo ni ya kumshukuru mwenye nyumba, hairudi kabisa, juu yake ada ya kampuni ya udhamini. Ndomana nawaambia ulizieni nyumba za UR, ni shirika la umma, hawataki reikin wala mdhamini wala pesa ya dalali, wanaangalia kipato au akiba na kibali chako cha kuishi. Majengo mengi ni ya zamani lakini ni imara. Ukishahamia una siku 14 za kuandikisha anwani ofisi ya wilaya, na kadi ya ukaazi inatembea na wewe popote. Taka mtaelekezwa mtaani kwenu, fuateni siku zake, majirani wanaangalia.

Ukishatulia, anza na kituo chako mwenyewe. Karibu na vituo vingi vya Osaka kuna shotengai, barabara ya maduka yenye paa juu, ile ya Tenjinbashisuji ina urefu wa kama kilomita 2.6 na inatajwa kuwa ndefu kuliko zote nchini. Nunua mboga hapo, salimia, rudi kesho. Nimeona ndugu zetu wanakaa miaka wanajua maabara, chumba na Umeda tu, na inanisikitisha kweli, manake mama muuza samaki akishakuzoea ndo Kijapani chako kinaanza kutembea.

Kusafiri. Ile pasi ya reli ya watalii sahau, wenye visa ya kuishi hatupewi. Lakini mna shinkaisoku, treni ya haraka ya JR, ile kampuni kubwa ya reli, isiyo na nyongeza ya nauli, Osaka mpaka Sannomiya, kituo cha katikati ya Kobe, dakika kama 20, na hapo Kobe kuna msikiti wa mwaka 1935, uliopona mabomu ya vita na tetemeko la 1995. Ijumaa unakutana na watu wa kila bara.

Halafu kuna hii ninayoipenda kuliko zote. Ndani ya eneo la JR linalozunguka Osaka nauli inahesabiwa kwa njia fupi hata ukipita ndefu, mradi usipite kituo kimoja mara mbili, usitoke getini, na umalize siku hiyohiyo. Kwahiyo unakata tiketi ya karatasi Osaka kwenda Tenma, kituo cha jirani kabisa, nauli ya chini, halafu unaondoka upande wa pili, unapita Kyoto, unapanda magharibi mwa ziwa Biwa, unageukia kituo cha Omi-Shiotsu kaskazini yake, unashuka mashariki yake kupitia Maibara, unakata milima ya Tsuge, Nara, Tennoji, jioni uko Tenma. Siku nzima dirishani. Bebeni chakula, na angalieni ratiba ya Omi-Shiotsu vizuri kabla hamjaondoka, treni pale ni chache na kwenye jukwaa lile baridi ya Januari haina huruma.