Daniel Inouye, Seneta Aliyemfungua Macho Obama

Hamjambo jamaa zangu, karibuni tena. Kule nyumbani Obama tunamjua, hadi Kogelo kwa baba yake tunapajua. Lakini nani alimtia hamu ya siasa? Jibu alilitoa mwenyewe Desemba 2012, kwenye ibada ya kumuaga Seneta Daniel Inouye wa Hawaii, jimbo la Marekani.

Obama alikuwa na miaka 11, kiangazi cha 1973, safarini na mama, bibi na dada yake. Usiku wakifika moteli, mama anawasha televisheni watazame vikao vya Seneti kuhusu Watergate, kashfa iliyomwangusha Rais Nixon. Hapo ndipo kijana alipomwona Inouye: si mzungu, ana mkono mmoja, anawahoji wakubwa wa Ikulu, na nchi nzima inamsikiliza.

Sasa huo mkono, jamani. Inouye alizaliwa Honolulu mwaka 1924, wazazi wenye asili ya Japani. Baada ya Japani kushambulia kambi ya jeshi la Marekani ya Pearl Harbor, Hawaii, mwaka 1941, vijana kama yeye walihesabiwa maadui, jeshi likawakataa. Walipofunguliwa mlango mwaka 1943, akaacha masomo ya udaktari akajiunga. Aprili 21, 1945, huko Italia, bomu la Mjerumani likamvunja mkono wa kulia, ilhali kiganjani ameshika guruneti ambalo tayari amelitoa pini. Akalibandua kwa mkono wa kushoto, akalirusha, akaendelea kupigana. Mkono ukakatwa. Udaktari ukaishia hapo, akasomea sheria.

Halafu anarudi nyumbani, kapita California, yuko ndani ya sare, medali kifuani. Anaingia kwa kinyozi, anakataliwa kwa sababu ni Mjapani! Hilo linaniuma hadi leo, maana sisi tunaoishi huku ughaibuni tunaijua ile sura ya mtu anayekuuliza umetoka wapi kabla hajakujibu salamu.

Hakuikimbia nchi. Hawaii ilipokuwa jimbo mwaka 1959, akaingia Bungeni. Tangu 1963 Seneti hadi kifo chake, karibu miaka 50. Nishani ya juu kabisa ya kijeshi alipewa mwaka 2000, baada ya jeshi kupitia upya mafaili ya askari wenye asili ya Asia. Miaka 55! Kwangu mimi huo ni ubaguzi tu.

Video ijayo ni ya Bob Dole, naye aliyekuwa seneta. Yeye na Inouye walitibiwa hospitali moja Michigan, naye mkono wa kulia umeharibikia Italia. Inouye wa chama cha Democrat, Dole wa Republican, na urafiki wao ukadumu hadi Inouye alipofariki.