Uliza Jua Linazama Saa Ngapi

Ndugu zangu, wengine mmenisikia nikilisema hili mpaka mmechoka. Leo nalirudia. Kila anayejiandaa kwenda Uholanzi ananiuliza, "Kuna baridi kiasi gani?" Baridi dawa yake koti, na makoti yamejaa mitumbani. Uliza jua linazama saa ngapi!

Sisi tumelelewa na jua lisilobadilika. Hata saa zetu tunazihesabu kwalo: limechomoza, tunaanza saa moja, saa kumi na mbili linazama. Basi mtu anapanga safari akidhani mchana ni uleule popote. Amsterdam, mwishoni mwa Desemba, jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu hivi. Hesabuni wenyewe: urefu wa mchana haufiki hata saa 8.

Mwezi huohuo nilimpeleka mama mdogo, na kosa lilikuwa langu. Alitaka kuona vinu vya upepo vya Kinderdijk, vinu 19 kando ya mifereji. Tukangoja kupambazuke, kama tulivyozoea kwetu. Tukanywa chai, tukapanda treni hadi Rotterdam, tukangoja basi. Kufika, saa tisa na nusu. Alikuwa amejitanda kanga juu ya koti, simu mkononi. Kinu cha tatu, mwanga ukaanza kufifia. Cha sita, mapanga yalikuwa kivuli tu angani. Akafuta kioo cha simu kwa upindo wa kanga, akidhani kimeingia ukungu. Akapiga picha, akaitazama, akafuta tena. Sikuwa na la kumwambia. Kila nikisikia mtu amekata tiketi bila kuuliza, naiona ile kanga.

Najua mtaniambia Desemba ndiyo likizo ya watoto. Sawa, nendeni, lakini tokeni gizani ili jua likichomoza muwe mmeshafika, na makumbusho yangoje alasiri. Mwingine atasema, basi Juni, jua likizama saa nne usiku! Kuzuri, sikatai. Ila anayeswali ajue: Isha inaingia usiku mkubwa, na Alfajiri haichelewi kufuata. Mwenye mtoto mdogo atafute chumba chenye pazia zito, maana mtoto hatakubali kwamba ni usiku.

Chaguo langu ni nusu ya pili ya Aprili. Jua linazama karibu saa tatu usiku, yale maua ya tulipu yamechanua, bustani ya Keukenhof kule Lisse iko wazi. Usiniambie utayakuta mashambani Juni. Mkulima anakata vichwa vya maua mapema ili nguvu irudi kwenye kitunguu cha tulipu kilichomo ardhini, kwani kitunguu ndicho anachouza. Tarehe 27 Aprili ni sikukuu ya mfalme. Amsterdam hujaa watu, vyumba hupanda bei. Ikwepe kama mfuko hauruhusu.

Mvua hainyeshi kwa msimu kule, ni mwaka mzima. Acha mwavuli, upepo utaugeuza. Beba koti la mvua.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. La viza kwa haraka: ombi la Schengen, yaani viza ya Uholanzi na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na miadi huwahiwa. Wa Aprili, anzeni Oktoba. Haya, mama pale nyuma, uliza.