Kisiki Hai: Rudisha Miti ya Asili Shambani Bila Kununua Mche

Karibu mtazamaji. Leo tuko wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, kwenye shamba la mahindi na michungwa linaloshuka hadi mto Zigi. Kabla hujatoa hata shilingi ya miche, tembea shamba lako ukitazama chini.

Umeona hiki? Ni kisiki cha mvule. Kila msimu kinafyekwa pamoja na magugu, na kila msimu kinachipua. Mizizi yake ni ya zamani na imekwenda chini sana, ndiyo maana chipukizi lake hukua haraka kuliko mche wa kitalu. Kukiacha na kukitunza badala ya kukifyeka, ndiyo njia tunayoiita kisiki hai. Niger, wakulima wamerudisha miti hivi kwenye mamilioni ya hekta tangu miaka ya 1980, na hapa nchini Dodoma wanaifahamu vizuri.

Kwanza, chagua visiki. Funga kitambaa chekundu kwenye kila unachokiacha, ili vibarua wasikifyeke. Palipo na mahindi acha nafasi kubwa kati ya kisiki na kisiki. Kwenye mteremko na mipakani, acha vyote.

Sasa machipukizi. Kisiki kimoja kinaweza kuwa na ishirini. Bakiza matatu hadi matano, yaliyonyooka na yenye afya, mengine kata. Yale uliyobakiza, ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu. Tazama mkono wangu: panga liwe kali, na nakata kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwa kushusha, gamba linachanika na mti unaingia ugonjwa. Vijiti vilivyokatwa ni kuni, majani yaache yaoze hapo hapo. Rudia kupogoa kila yanapochipua upya, na kadiri miti inavyonenepa punguza hadi ubaki na shina moja.

Tushuke mtoni. Hapa nakuomba usikilize kwa makini, maana maji haya ndiyo yanayoingia bwawa la Mabayani na kunywewa Tanga mjini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima, weka alama, kisha acha kulima hapo. Mikaratasi usipande, inakunywa maji mengi mno. Panda mkuyu: masika yakianza, kata tawi nene kama kifundo cha mkono, lichimbie liwe imara. Mkuyu ukizaa, ndege na popo watakuja kula, na mbegu za miti mingine watakuletea wenyewe. Hata mvule husambazwa na popo, na kwenye misitu ya Amani, kule juu milimani Usambara, ndege aitwaye hondohondo hufanya kazi hiyo ya kusambaza mbegu kila siku. Kwa hiyo usiwafukuze.

Mwisho, moto na mbuzi. Hivi viwili huua kazi yote. Usichome mabaki ya mavuno. Zungushia eneo ukanda uliolimwa ukawa mtupu. Kwa mbuzi, zungumza na jirani mapema, kabla ya kiangazi, malisho yangali mengi. Matawi ya miiba kuzunguka kisiki yanasaidia, lakini makubaliano na mfugaji yanasaidia zaidi.

Una kisiki gani shambani kwako? Andika hapo chini jina lake kwa Kibondei, Kisambaa au Kizigua, na utuambie kama bado kinachipua.