Beisi 6,856 za Hank Aaron

Ndugu zangu, waulize mashabiki wa besiboli ni rekodi gani ya upigaji inayowashangaza kuliko zote, na wengi watakupeleka mwaka 1941. Mwaka huo Joe DiMaggio wa New York Yankees alipata angalau pigo safi moja, yaani pigo linalomfikisha mpigaji salama kwenye beisi, kituo cha kukimbilia uwanjani, katika kila mechi kwa mechi 56 mfululizo. Mwaka huohuo Ted Williams wa Boston Red Sox alimaliza msimu na wastani wa 0.406, yaani mapigo safi 406 kwa kila zamu 1,000 za kupiga, na tangu hapo Ligi ya Amerika na Ligi ya Taifa, ligi mbili kuu za Marekani, hazijapata mwingine wa kufika 0.400.

Kati ya hao wawili mimi niko na Williams. Asubuhi ya siku ya mwisho ya msimu wastani wake ulikuwa 0.39955, ambao vitabuni ungeandikwa 0.400. Kocha alimruhusu akae benchi. Akakataa, akacheza mechi mbili siku hiyo hiyo mjini Philadelphia, na katika zamu 8 akapata mapigo safi 6. Tena, katika kipindi chote cha zile mechi 56 DiMaggio alipiga kwa wastani wa 0.408, na Williams, siku zilezile, 0.412. Mfululizo unahitaji uhodari, lakini unahitaji na bahati.

Hata hivyo, rekodi ninayoiweka juu ya zote haitajwi sana. Ni jumla ya beisi za Hank Aaron, mpigaji wa timu ya Braves: 6,856. Hesabu yake ni nyepesi. Pigo likikufikisha beisi ya kwanza unapata moja, ya pili mbili, ya tatu tatu. Ukiupeleka mpira nje ya uzio, yaani homurani, nne. Kutoka beisi hadi beisi ni kama mita 27 na nusu. Zidisha, utapata kilomita 188 hivi, karibu safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, na zote amezichuma kwa gongo lake. Anayemfuata, Albert Pujols, ana 6,211. Beisi 300 kwa msimu mmoja ni kazi ya nyota, kwa hiyo Pujols angehitaji misimu mingine miwili ya kinyota, na bado asingemfikia. Aaron alivuka 300 mara 15.

Watu wanamkumbuka kwa homurani 755. Ziondoe zote, bado anabaki na mapigo safi 3,016! Na hakuwahi kufikisha homurani 50 katika msimu mmoja. Nyingi zaidi ni 47, mwaka 1971.

Mkumbuke pia alikuwa katika hali gani. Alipoikaribia rekodi ya Babe Ruth ya homurani 714, alimiminiwa barua za matusi na vitisho vya kuuawa, kwa sababu ni mtu mweusi. Tarehe 8 Aprili 1974, Atlanta, akapiga ya 715.

Najua hoja inayokuja: kwamba alicheza miaka mingi tu. Kweli, misimu 23, mechi 3,298. Lakini Pete Rose alicheza mechi 3,562, na hakuna aliyempita kwa idadi ya mapigo safi. Jumla yake ya beisi ni 5,752, pungufu ya Aaron kwa zaidi ya elfu moja.

Sasa tuingie kwenye maswali. Anayemtetea DiMaggio na aanze.