Baba Ametoka Kwenye Kundi

Habari zenu jamani, karibuni tena. Mnisamehe kwa mwanga huu, ni taa ya mezani tu, na naongea polepole kwa sababu majirani wamelala. Huku ni saa tisa usiku. Kwa nini narekodi saa hizi? Nitafika huko.

Wengi mmeuliza mbona nimepotea. Nilifiwa na baba, huu ni mwezi wa tano. Mlioniandikia pole, asanteni. Nilizisoma zote, hata zile ambazo sikujibu.

Kuna methali tunaijua sote: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Haya, niambieni, mfiwa akiwa ndiye huyo huyo wa mbali, anaanza saa ngapi? Vibali vyangu havikuniruhusu kusafiri. Mazishi niliyaangalia kwenye simu niliyoiegemeza kikombe. Mtandao ulikatika mara tatu, na uliporudi mara ya mwisho watu walikuwa wameshaanza kutawanyika. Nikaosha kile kikombe. Kesho yake nikaenda kazini. Sikulia, na kutolia kule kulinitisha kuliko msiba wenyewe.

Nimekuja kuelewa baadaye. Ndugu zangu nyumbani walikuwa wanakiona kiti chake kitupu kila siku. Mimi kiti hicho sikukiona kwa miaka sita. Kwangu baba alikuwa sauti, na sauti ilikuwa bado ipo humu kwenye simu, pamoja na ile picha yake aliyovaa kofia upande. Basi akili ikajidanganya kirahisi tu: mzee yupo, wiki hii hajapiga.

Na kupiga kwake sasa! Tunapishana saa saba, huku tuko nyuma. Baba alikuwa anajumlisha badala ya kutoa. Ikifika saa nne asubuhi kwake, anapiga hesabu: huko ni saa kumi na moja jioni, mtoto anatoka kazini, ngoja nimpigie. Kumbe huku ni saa tisa usiku. Napokea na sauti ya usingizi, "Shikamoo baba," naye, "Marahaba mama, naona kazi imekuchosha leo." Nilimrekebisha labda mara ishirini. Anakubali, anacheka, anasema sasa nimeshika. Wiki inayofuata, saa tisa usiku. Mwishowe niliacha. Nikawa naamka na kusema ndiyo baba, leo kazi ilikuwa nyingi.

Niseme na hili, maana mkiniona hapa mnaweza kudhani nilikuwa mtoto mwema siku zote. Kuna usiku niliiona simu inawaka, nikaona jina lake, nikaigeuza kifudifudi nikalala. Si mara moja.

Sasa mwezi uliopita niko kazini, mapumziko ya mchana, nafungua WhatsApp, kundi la familia. Nakuta kimstari kidogo cha kijivu: Baba ametoka kwenye kundi.

Mnajua, akaunti isiyotumika kwa siku 120 WhatsApp huwa inaifuta. Simu ya mzee ilizimwa ikawekwa kabatini tangu msiba, nani angekumbuka mambo ya akaunti? Na siku hizi mtu akitoka kwenye kundi taarifa wanaipata wasimamizi peke yao, na msimamizi wa kundi letu ni mimi. Kwa hiyo katika familia nzima niliyeuona ule mstari ni mimi. Nikabonyeza jina lake. Ile picha ya kofia hakuna, kimebaki kivuli kisicho na sura.

Nililia kwenye ngazi za kazini mpaka viatu vikalowa, na sitanii. Mwenzangu mmoja akanifuata, mtu mwema kabisa, akaniuliza niko hatua ya ngapi, maana msiba una hatua tano. Usiku ule nikaenda kusoma. Hatua hizo zinatoka kwa Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, mwaka 1969, na watu aliowasikiliza walikuwa wagonjwa waliokaribia kufa wenyewe. Hawakuwa watoto wao waliobaki. Nilipolijua hilo nilipumua kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kujipa maksi.

Sasa wewe ambaye mzee wako yupo, na kila siku anakutumia sauti za dakika nne ambazo unazisikiliza kwa kuzikimbiza, nakuomba kitu kimoja. Zitoe humo. Fungua gumzo lake, ingia kwenye menyu, hamisha gumzo pamoja na midia, jitumie kwa barua pepe. Ni kweli, akaunti yake ikifutwa, sauti zilizo kwenye simu yako zinabaki. Ila simu yako nayo itaanguka, itaibiwa, utabadilisha. Mimi nilibadilisha simu mwaka wa pili huku bila kuhifadhi nakala. Miaka miwili ya baba ilikwenda hivyo, na siku ile niliyosikitikia ni namba za watu.

Nimebakiwa na sauti 61. Nyingi hazina la maana: anauliza kama nimeamka, anakohoa, anamfokea mtu pembeni apunguze redio. Na kila moja anajitambulisha, kana kwamba jina lake silioni hapo juu.

Usingizi unakatika wenyewe saa tisa. Simu hailii, lakini mwili unaamka kupokea. Ndiyo maana mnaniona hapa.

Ngoja niisogeze simu kwenye maikrofoni. Hii ni ya kwanza kati ya zilizobaki, sekunde kumi na moja.

"Eeh... mama, hapa ni baba yako. Hamna neno. Nilikuwa najaribu kama inarekodi. Sasa hii... we mtoto, njoo, hii inazimwa wapi?"