Uma wa Farasi: Usimwangalie Farasi, Angalia Kete Zako

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wa sataranji. Mimi Zuhura, na niko na Mwalimu Kombo kama kawaida. Mwalimu, shikamoo.

KOMBO: Marahaba, Zuhura. Habari za tangu juzi?

ZUHURA: Njema tu. Leo nina ujumbe wa mzazi mmoja. Anasema mwanawe ameshajua kete zote zinavyokwenda, lakini kila akicheza, farasi wa mwenzake anamlia ngome, mara malkia, na mtoto anabaki ametoa macho. Anauliza amfundishe nini.

KOMBO: Huyo anapigwa uma. Farasi mmoja anatua mahali, anashambulia kete mbili kwa pamoja, na wewe una zamu moja tu. Utaokoa ipi? Na kama moja kati ya hizo ni mfalme, huna hata pa kuchagua. Mfalme kapigwa cheki, yaani ametishiwa kuliwa, lazima ashughulikiwe kwanza, na ile nyingine imeshaliwa.

ZUHURA: Lakini hata askofu anaweza kushambulia kete mbili. Hata malkia. Kwa nini kilio kikubwa kiwe cha farasi?

KOMBO: Kwa sababu farasi hajibiwi. Askofu akimtishia malkia, malkia naye anamwona askofu kwenye mstari uleule, na kama hajalindwa anamla. Farasi akimtishia malkia, malkia anamtazama tu, maana hana mwendo ule. Halafu farasi anaruka, huwezi kusimamisha kete katikati ukasema umemzibia njia. Na thamani yake ni tatu, ngome tano, malkia tisa. Hata ukimla baada ya yeye kumla malkia, bado umepata hasara.

ZUHURA: Sasa vitabu vingi vya wanaoanza vinafundisha kuutafuta huo uma. Mafumbo kumi, ishirini, tafuta uma, tafuta uma.

KOMBO: Mimi sianzii hapo. Mtoto ukimfundisha kuwinda kwanza, atapeleka farasi mbele kila mara na nyumbani kwake kumebaki wazi. Namfundisha kwanza kuogopa. Na dawa ya kuogopa farasi si kumkodolea macho farasi. Angalia kete zako mwenyewe zimesimama kwenye miraba ya rangi gani.

ZUHURA: Hebu hapo twende polepole.

KOMBO: Weka farasi d4, yaani safu ya herufi d, mstari wa nne. Mpe mtoto kunde nane, mwambie aziweke kila mahali farasi anapoweza kutua. Atahangaika kidogo, ataziweka: b3, b5, c2, c6, e2, e6, f3, f5. Muulize, zimekaa rangi gani? Zote kwenye mweupe. Na farasi mwenyewe? Yuko kwenye mweusi. Kila farasi akiruka hubadili rangi, hana namna nyingine. Kwa hiyo kete mbili zinazopigwa uma lazima ziwe kwenye rangi moja.

ZUHURA: Ina maana kama mfalme wangu yuko kwenye mweupe na malkia wangu kwenye mweusi...

KOMBO: Hakuna farasi duniani atakayewapata wote wawili kwa mruko mmoja. Na ndivyo mchezo unavyoanza. Mfalme mweusi yuko e8, mraba mweupe. Malkia yuko d8, mraba mweusi. Wako salama dhidi ya uma mpaka mmoja wao asogee. Lakini mfalme wa e8 na ngome ya a8? Wote kwenye mweupe. Ndiyo maana ule mraba wa c7 unaua watu kila siku. Farasi akitua pale, mfalme cheki, ngome kwaheri.

ZUHURA: Huo nimeula sana.

KOMBO: Nani hajaula! Na ukipigwa, usikate tamaa upesi. Farasi akishakula kule a8, yuko pembeni kabisa. Kutoka pale ana njia mbili tu, b6 na c7. Ukizidhibiti hizo, mara nyingi naye hatoki. Umepoteza ngome, lakini walau farasi unampata.

ZUHURA: Na rangi ikiwa moja, basi uma upo tu?

KOMBO: Hapana, na hili hata wazoefu wengi hawalijui. Kete mbili zikiwa kwenye ulalo mmoja, yaani mstari wa mshazari, na katikati yao kuna mraba mmoja tu, tuseme c3 na e5, farasi hawezi kuzipiga uma. Ukitaka hakikisho, chukua ubao na zile kunde. Na mfalme anayefukuzwa na farasi, pa kukimbilia ni umbali huohuo: ulalo mmoja na farasi, mraba mmoja tu katikati yao. Farasi atahitaji miruko mitatu ndipo ampige cheki tena. Mwisho wa mchezo, kete zikiwa chache, hilo linaokoa pointi nzima.

ZUHURA: Mwalimu, wewe unafundisha vijana wengi waliotoka kwenye drafti za kijiweni, zile za vizibo vya soda. Wanapata shida na farasi?

KOMBO: Sana, na shida yenyewe si ile watu wanayodhani. Ulalo wanaujua, macho yao ni makali kuliko ya watoto wengine. Tatizo ni kula. Kwenye drafti, kete ikilika, lazima ule. Anakuja kwenye sataranji na mkono uleule. Ukimwekea kete mbele, ameshaidaka kabla hajafikiri.

ZUHURA: Na farasi anamsubiri.

KOMBO: Chukua ufunguzi ambao kila anayeanza anakutana nao. Mwenye kete nyeupe anasukuma askari e4, mwenye nyeusi askari e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, farasi f6. Sasa mweupe anarusha farasi mpaka g5. Mweusi anaona farasi kamsogelea, anasukuma askari h6 kumfukuza. Umeona?

ZUHURA: Farasi anakula f7.

KOMBO: Anakula f7, malkia yuko d8, ngome iko h8, zote kwenye mweusi. Mfalme angependa kumla, lakini askofu wa c4 anamlinda farasi. Kwa hiyo ngome imekwenda.

ZUHURA: Na jibu zuri lilikuwa lipi?

KOMBO: Askari d5, kumkatia askofu njia. Mweupe atakula pale d5, na hapo yule kijana wa drafti mkono unamwasha, anataka kula tena kwa farasi wa f6. Asile. Ampeleke yule farasi wa c6 pale a5, amwondoe askofu. Ukila pale d5, farasi mweupe anaingia f7 hivyohivyo, mfalme akimla anavutwa katikati ya ubao, na mtu anayeanza hawezi kujitetea pale. Atapigwa tu.

ZUHURA: Kuna wakubwa waliowahi kukutwa na uma?

KOMBO: Boris Spassky. Mechi ya ubingwa wa dunia, Moscow, mwaka 1966, mchezo wa 10. Bingwa alikuwa Tigran Petrosian. Malkia wa Spassky yuko g5, mfalme g8. Petrosian anachukua malkia wake mwenyewe, anamweka h8, mbele ya mfalme. Cheki!

ZUHURA: Anamtoa malkia bure?

KOMBO: Kwa macho, ndiyo. Mfalme akimla, amesimama h8, mraba mweusi, na malkia wake g5, mweusi vilevile. Farasi wa Petrosian anakula ngome pale f7, cheki, na malkia anafuata. Spassky hakungoja kuonyeshwa, alisalimu amri palepale. Petrosian alibaki na taji lake kwa pointi 12½ kwa 11½.

ZUHURA: Mfalme alivutwa kwa nguvu mpaka kwenye rangi mbaya.

KOMBO: Ndiyo kazi ya malkia aliyetolewa. Na huyohuyo Petrosian, Amsterdam 1956, alimwacha malkia wake d6 huku farasi wa mpinzani wake, Bronstein, amesimama f5 akimtazama. Hakukuwa hata na uma. Aliliwa hivihivi, mchezo aliokuwa akiutawala.

ZUHURA: Basi mtoto wa yule mzazi asilaumiwe sana.

KOMBO: Asilaumiwe hata kidogo. Kabla hajasogeza malkia au ngome aulize, je, imeangukia rangi moja na mfalme wangu? Kama ndiyo, farasi wa mwenzangu anafika wapi kwa mruko mmoja? Basi. Akizoea hilo ndipo umfungulie mafumbo ya kuwinda.

ZUHURA: Akishaanza kuwinda, makosa ya kwanza ni yapi?

KOMBO: Kuona uma na kusahau mlinzi. Nikupe wewe. Mfalme mweusi g8, malkia d5, askofu wake f8. Wewe una farasi f5 na ngome e1, mstari wa e wote mtupu. Zamu yako.

ZUHURA: Farasi e7! Mfalme na malkia... aah, askofu wa f8 anamla.

KOMBO: Anamla. Halafu?

ZUHURA: Ngome yangu inamla askofu. Farasi tatu, askofu tatu. Tumebadilishana tu, na malkia wake yupo.

KOMBO: Ungehesabu hivyo kabla hujaishika kete, ungeanza kwa kumtafutia dawa yule askofu.