Dakika Nane za Judi Dench

Habari za jioni, ndugu zangu. Mliokaa nyuma sogeeni huku, viti vya mbele haviumi.

Wengi wenu mnamjua Judi Dench kama M, bosi wa James Bond, yule mama mwenye nywele fupi anayemkaripia jasusi kama mtoto aliyetumwa dukani akapitia kwenye mpira. Alipoanza kuwa M, katika GoldenEye ya 1995, alikuwa na miaka 60. Jukwaani alikuwa amekwisha kutimiza miaka 38. Leo nataka tuitazame hiyo 38, maana huko ndiko alikopikwa.

Alizaliwa York mwaka 1934. Kuigiza hakukuwa ndoto yake ya kwanza. Alisomea sanaa, akitaka kubuni mandhari ya jukwaa. Akaenda Stratford, mji wa Shakespeare, kutazama tamthilia ya King Lear, akaona mandhari ya mle, akajua yeye hawezi kufika hapo. Basi akamfuata kaka yake Jeffery kwenye uigizaji. Mwaka 1957 akapanda jukwaa la Old Vic, London, akiwa Ophelia, yule binti wa Hamlet ya Shakespeare anayepatwa na wazimu. Wahakiki walimponda. Na katika siku zake za mwanzo, kama anavyosimulia mwenyewe, bwana mmoja wa filamu alimwambia kwamba uso wake haufai kwa kamera.

Hebu mlishike hilo la uso.

Mwaka 1963 alikuja Afrika Magharibi na kundi la Nottingham Playhouse, akacheza Lady Macbeth, mke wa Macbeth wa Shakespeare, huko Nigeria, Ghana na Sierra Leone. Mwaka 1968 akawa Sally Bowles, mwimbaji wa klabu, katika tamthilia ya muziki ya Cabaret jijini London, na ile sauti yake ya mkwaruzo ambayo mwalimu wa kwaya angeirudisha nyumbani. Mwaka 1971 akawa Portia, yule wa Mabepari wa Venisi aliyotutafsiria Mwalimu Nyerere, na mumewe Michael Williams akawa Bassanio. Tamthilia hiyo haipendi mpaka leo, wala hafichi. Mimi humpenda zaidi kwa hilo.

Lakini kama mna muda wa kutazama kitu kimoja tu, tazameni Macbeth ya 1976 iliyoongozwa na Trevor Nunn, Ian McKellen akiwa Macbeth. Iliigizwa Stratford kwenye The Other Place, banda la mabati. Hakuna mandhari ya kifahari, hakuna mapumziko, watazamaji wamewazunguka waigizaji karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Mliosoma Makbeth kwa Kiswahili mnakumbuka pale mke anapoyaita mapepo yamwondolee huruma. Waigizaji wengi hapo hunguruma. Dench anaita, kisha anashtuka, anarudi nyuma kama aliyeguswa na kitu gizani. Halafu anajikaza, anaita tena. Kwa mshtuko ule mmoja tumekwisha kujua kwamba mwanamke huyu ataharibikiwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema fulani ni hodari kwa sababu kacheza malkia, mlevi na mtawa. Kubadilisha mawigi hata mimi naweza. Dench anachobadilisha ni kipimo: kiasi gani atoe, kiasi gani azuie. Ndiyo maana aliweza vichekesho vya televisheni na Shakespeare kwa sauti ileile. Mwongozaji Peter Hall alipomtaka awe Cleopatra, mwaka 1987, Dench alimtania kwamba anakwenda kumwongoza mbilikimo aliyekoma hedhi. Akacheza, akachukua tuzo ya Olivier, ile kubwa ya tamthilia za London. Mwaka 1996 akachukua Olivier mbili usiku mmoja, moja ya tamthilia ya maneno, nyingine ya muziki.

Baadaye sinema nayo ikazinduka. Katika Shakespeare in Love ya 1998 anaonekana kama Malkia Elizabeth wa Kwanza kwa takriban dakika nane tu, akapewa Oscar. Kuna walionung'unika kwamba dakika nane ni chache. Mtu aliyefundishwa na banda la mabati hahitaji tisa. Na uso wake ulikuwa uleule uliokataliwa.

Mwaka 2012 alitangaza kwamba macho yake yanafifia kwa ugonjwa wa retina. Hakuweza tena kusoma miswada, basi watu wakawa wanamsomea naye anashika kwa sikio, kama bibi zetu walivyoshika tenzi kabla hawajaziona kwenye karatasi. Kwa njia hiyo akacheza Paulina katika The Winter's Tale, na mwaka 2016, akiwa na miaka 81, akapata Olivier ya nane.

Maneno yangu yametosha. Nimeleta kipande cha ile Macbeth, kilichorekodiwa kwa ajili ya televisheni: Lady Macbeth anatembea usingizini. Kuna kilio humo, chembamba, kirefu. Msitazame uso kwanza. Aliye karibu na swichi, tafadhali zima taa.